Habari za Maisha ya Jacob Wainwright, Mwandishi wa Msafara

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, watu na mali yote ya bara yalipita kwa miguu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo, ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, kisha ikafika Tura, na Rubuga, na hapa Kigwa, na Shiza, hata mwisho Tabora, mji mkuu wa Unyanyembe. Kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu, na chini ya pembe hizo walikwenda watu waliofungwa minyororo shingoni. Kwa njia hiyo hiyo zilipanda nguo, na shanga, na baruti, na bunduki. Na mahali penye baruti na bunduki na watu wa kuuzwa, vita havikosi.

Nchi yetu hii ilionja vita hivyo kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1860 Waarabu wa Tabora walipigana na mtemi Mnywa Sele, wakamfukuza katika kiti chake, naye akawawinda njiani mpaka alipouawa mwaka 1865. Mzungu Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta Rubuga, jirani yetu, nchi iliyokuwa na watu wengi na mashamba mazuri, imebaki magofu na maboma yaliyoungua. Mwaka ule ule Mirambo wa Urambo alianza vita vyake na Waarabu, akaja akachoma nyumba za Tabora, na vita hivyo havikwisha mpaka mwaka 1875. Raia alikuwa katikati. Aliyelima hakujua kama atavuna, na aliyezaa hakujua kama mtoto wake atalala nyumbani kesho.

Mara nyingi washarika wetu hutuuliza neno hili: mtu awezaje kushika imani katika nchi isiyo na haki, ambako mwenye nguvu ndiye mwenye sheria? Neno hili ni zito, wala hatutaki kulijibu kwa maneno matupu. Twaona yafaa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi katika miaka ile ile ya vita, akakanyaga nchi hii ya Unyanyembe, akafa Urambo. Jina lake ni Jacob Wainwright.

Jacob alikuwa Myao kwa kabila. Jina alilopewa na mama yake hatunalo, na hili peke yake latuonyesha ubaya wa utumwa, kwamba humnyang'anya mtu hata jina aliloitiwa alipokuwa mchanga. Alikuwa mtoto alipotekwa na kuuzwa, akapakiwa katika jahazi kupelekwa ng'ambo. Katika bahari manowari za Waingereza zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa, na jahazi lile lilikamatwa, watu wake wakafunguliwa. Lakini mtoto aliyefunguliwa katikati ya bahari atarudishwa kwa nani? Kijiji chake pengine kimeungua, na njia ya kwenda kwao imejaa watu wale wale waliomwuza. Basi wengi wa watoto wale walipelekwa Bara Hindi, na Jacob alikuwa mmoja wao.

Huko, katika mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik upande wa Bombay, Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, ndicho CMS, kilikuwa na makao ya Waafrika waliokombolewa. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika na kazi za mikono, tena walifundishwa Neno la Mungu. Jacob akajifunza Kiingereza vizuri, akabatizwa, akapewa jina hili tunalomjua kwalo. Vijana waliotoka huko waliitwa na watu vijana wa Nasik, na wengi wao baadaye walirudi Afrika kufanya kazi ya Injili na kazi ya misafara.

Wengine husema kwamba mtoto wa namna hii alipokea imani kama alivyopokea chakula na nguo, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Hatuwezi kukataa kwamba imani ya watoto wengi huanza hivyo, hata katika sharika zetu. Mtoto huomba kwa sababu mama anaomba. Lakini ipo siku ambayo imani ile aliyopewa hupimwa, na siku hiyo mtu huonyesha kama amekwisha kuifanya yake mwenyewe. Siku ya Jacob ilikuja katika pori la mbali.

Mwaka 1872 Stanley, alipokwisha kuonana na Dr. David Livingstone huko Ujiji na kukaa naye Kwihara, karibu na Tabora, alirudi pwani, akaajiri watu 57 kumpelekea mzee yule. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Nasik, na Jacob pamoja nao, tena John Wainwright, na Matthew Wellington, yule aliyeishi Mombasa mpaka mwaka 1935. Walifika Unyanyembe mwezi wa Agosti 1872. Fikirini, ndugu, jinsi alivyoona moyoni kijana yule. Alikuwa ametolewa katika nchi yake akiwa bidhaa. Sasa amerudi Afrika akiwa mtu huru mwenye ujira, lakini katika nchi hii misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikienda pwani. Watu waliofungwa minyororo ile walikuwa kama yeye alivyokuwa zamani, wala hakuwa na uwezo wa kumfungua hata mmoja.

Tarehe 25 Agosti mwaka ule Livingstone aliondoka Kwihara pamoja na watu hao wapya na wale wa zamani, yaani Susi, na Chuma, na wenzao waliokuwa naye tangu mwaka 1866. Alitaka kutafuta chemchemi za mto Nile kusini, na kwa kuzitafuta alitumaini kupata sauti ya kuwaambia watu wa Ulaya juu ya ubaya wa biashara ya watu. Alikuwa ameona kwa macho yake huko Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, jinsi wafanya biashara walivyopiga bunduki katika soko lililojaa wanawake. Habari hiyo aliyoiandika ilipofika Ulaya iliwachoma watu wengi moyo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amechoka sana. Mvua ilikuwa kubwa, nchi ya ziwa Bangweulu ilijaa maji na matope, naye alikuwa akitokwa damu kwa ugonjwa wa tumbo. Mwisho walimbeba katika machela mpaka kijiji cha mtemi Chitambo, katika nchi ya Ilala, ambayo leo ni katika Zambia. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, alifariki. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, uso wake juu ya mikono.

Sasa twaomba msomaji aangalie hali ya watu wale. Walikuwa watu sitini hivi, mbali na pwani kuliko tunavyoweza kufikiri. Bwana wao amekufa. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru, wala polisi, wala hakimu. Kama wangegawana nguo na bunduki na kutawanyika, nani angewashitaki? Tena katika nchi zile kuwa na maiti njiani kulikuwa jambo la hatari, maana wenyeji waliogopa maiti ya mgeni, na watemi wengine wangetoza fidia kubwa. Lakini watu wale walifanya shauri, wakakata neno kwamba watampeleka kwao.

Jacob hakuwa mkubwa wa msafara. Wakubwa walikuwa Susi na Chuma. Lakini yeye ndiye aliyejua sana kusoma na kuandika, na kwa hiyo alipewa kazi ya kuandika. Akaandika hesabu ya vitu vyote vya marehemu, kimoja kimoja, mbele ya mashahidi, ili siku moja mtu asije akasema vimeibiwa. Neno hili laweza kuonekana dogo. Sisi twaliona kubwa. Katika nchi ambayo watu wenyewe walikuwa wakiibiwa na kuuzwa, kijana aliyeibiwa zamani alikaa chini akaandika kwa uaminifu mali ya mtu mwingine, asipotee hata sindano.

Kwanza waliogopa kumwambia Chitambo habari za kifo kile. Hata alipojua hakuwakasirikia. Alikuja na watu wake kwa heshima, wakaomboleza kwa desturi za kwao, wakapiga ngoma za kilio. Alikuwa hajabatizwa, wala hajasikia mahubiri ya kanisa lo lote, lakini aliwatendea wageni wale yaliyo haki. Twaandika jambo hili kwa sababu wako Wakristo wanaodhani kwamba haki ya Mungu haifanyi kazi nje ya ua wa kanisa. Jacob na wenzake walipewa haki na Chitambo wakati wa shida yao, na ni wajibu wetu kulikumbuka jina la mtemi huyu kwa shukrani.

Basi Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari huko Unguja, alipasua maiti kwa kisu, akatoa moyo na matumbo, vikatiwa katika kisanduku cha bati. Wakachimba shimo chini ya mti mkubwa. Ndipo Jacob akafungua kitabu chake cha sala, akasoma ibada ya maziko mbele ya watu wote. Wengine walikuwa Wakristo, wengine Waislamu, wengine wenye kufuata mila za baba zao. Hapakuwa na kasisi wala kengele. Alikuwapo kijana mmoja wa Kiyao, aliyeuzwa na watu akakombolewa, akisoma maneno ya ufufuo katika pori. Siku hiyo, twasema, imani aliyofundishwa Nasik ilikuwa imekwisha kuwa yake, kwa maana hapakuwa na mwalimu wa kumtazama wala wa kumsifu.

Kisha akachukua kisu, akachonga katika gome la mti jina la Livingstone, na mwezi na mwaka, na majina ya wakubwa watatu wa msafara. Gogo lile lenye maandishi lilikatwa mwaka 1899 likapelekwa London, na mwaka 1902 nguzo ya ukumbusho ilisimamishwa mahali pale. Katika maandishi yale jina la Jacob halimo. Yeye aliyeshika kisu hakujiandika.

Maiti ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani siku kumi na nne, ikafungwa kwa nguo, ikatiwa katika ganda la mti, na juu yake turubai iliyopakwa lami. Ndipo wakaanza safari ya kwenda pwani, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Wengi waliugua njiani, na wengine walikufa. Jacob aliandika katika daftari lake mambo ya safari.

Hapa hatuna budi kusimulia pia neno lisilopendeza. Katika kijiji cha Chawende kulitokea ugomvi kati ya wenyeji na msafara, ukawa vita. Watu wa msafara waliingia bomani kwa nguvu, watu wakauawa, na vijiji vikachomwa moto. Msafara uliokuwa ukibeba maiti ya mtu mwenye kuhubiri amani uliacha moshi nyuma yake. Twalisema jambo hili wazi, kwa sababu habari za watu wa imani hupotoka zikisafishwa mno. Katika nchi ya vita hata mtu mwenye haja ya kupita tu hushikwa na vita, na mkono uliobeba mzigo mtakatifu waweza pia kushika kijinga cha moto. Wao hawakuwa malaika. Walikuwa watu wenye hofu, mbali na kwao, nao walihitaji msamaha wa Mungu kama sisi tunavyouhitaji.

Mwezi wa Oktoba 1873 walikaribia Unyanyembe. Wakasikia kwamba wako Wazungu Kwihara, nao walidhani mtoto wa marehemu, Oswell, yumo pamoja nao. Jacob akamwandikia barua kumpa habari za kifo cha baba yake na njaa ya watu, na Chuma akatangulia nayo. Lakini Oswell hakuwako. Waliokuwako walikuwa Luteni Cameron, na Dr. Dillon, na Murphy, nao wenyewe walikuwa wagonjwa wa homa. Cameron akawashauri wazike maiti hapo hapo Unyanyembe, kwa sababu njia ya kwenda pwani ilikuwa na hatari nyingi. Shauri lile halikuwa baya kwa kulitazama kibinadamu. Wapagazi wangeweza kulikubali, wakapumzika, wala hakuna ambaye angewalaumu, maana wangekuwa wametii neno la Mzungu mwenye cheo. Lakini walikataa. Walimheshimu, wakamsikiliza, kisha wakakataa, wakashika lile neno walilolikata tangu Ilala.

Twataka wasomaji wetu walitafakari jambo hili. Mara nyingi twafikiri kwamba unyenyekevu ni kukubali kila neno la mkubwa. Watu hawa walikuwa wanyenyekevu, lakini walijua deni lao lilikuwa kwa nani. Walipokuwa njiani tena pamoja na Murphy na Dillon, shida nyingine ziliwapata. Huko Kasekera, Dr. Dillon, aliyekuwa akiteswa na homa na macho, alijiua kwa bunduki tarehe 18 Novemba 1873. Na wenyeji wa Kasekera walipojua kwamba msafara umebeba maiti walikataa isipite.

Ndipo wapagazi wakatumia akili. Walitangaza kwamba wamekubali kuirudisha maiti Unyanyembe izikwe huko. Usiku wakaitoa maiti katika ganda lake, wakaifunga kama mtumba wa nguo wa kawaida. Kisha wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga kwa sura ya maiti, wakayavika sanda, na watu wakayabeba kwa heshima njia ya Unyanyembe. Walipofika mbali porini wakayatupa mabua moja moja vichakani, wakarudi kwa siri usiku. Asubuhi msafara ukaendelea na mtumba wake, wala wenyeji hawakujua neno. Wenye kupima dhamiri kwa mizani ndogo wataona hila katika jambo hili. Sisi twaona kwamba hawakuchukua kitu cha mtu, wala hawakumwaga damu tena, na tukilinganisha na yale ya Chawende, twaona watu waliojifunza kupita penye hatari bila kuua.

Ndugu wapenzi, lilikuwapo neno jingine ambalo watu hawa hawakulijua walipokuwa bado mbali sana porini. Tarehe 5 Juni 1873, siku thelathini na tano tu baada ya kifo cha Livingstone, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pa soko lile. Jacob alikuwa njiani, mzigo begani mwa wenzake, hajui kwamba mlango ule uliommeza alipokuwa mtoto umeanza kufungwa. Utumwa haukwisha siku ile, maana njia za bara ziliendelea kwa miaka mingi. Lakini mara nyingi Mungu hufanya kazi upande ule ambao mtumishi wake haoni.

Mwezi wa Februari 1874, baada ya miezi tisa, msafara ulifika Bagamoyo. Manowari ya Waingereza ikaja kuchukua maiti. Na hapo wale waliobeba kutoka Ilala, waume kwa wake, walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao. Hakuna aliyewaalika kuona mwisho wa kazi yao. Jacob peke yake ndiye aliyesafiri pamoja na jeneza, kwa kuwa CMS walimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa kubwa la Westminster, London, na Jacob alikuwa mmoja wa watu wanane walioshika kitambaa cha jeneza, pamoja na Stanley na mabwana wengine. Mtoto aliyeuzwa alisimama katika kanisa wanamozikwa wafalme. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, maziko yamekwisha.

Baadaye Shirika la Jiografia la London lilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wale, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha tawanyika, kila mtu njia yake. Hata Jacob mwenyewe, fahari ile haikudumu. Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilipotengenezwa mwaka ule ule, mtengenezaji wake alitegemea hasa masimulizi ya Susi na Chuma, na daftari la Jacob likabaki pembeni. Lilichapwa kwa Kijerumani katika gazeti la elimu ya nchi, kisha kwa miaka mingi likasahauliwa. Leo linatunzwa huko Blantyre, Uskoti, mahali alipozaliwa Livingstone, na mwaka 2019 kurasa zake zilitolewa ili kila mtu apate kuzisoma.

Jacob akarudi Afrika ya Mashariki. Mwisho tunamkuta Urambo, magharibi ya Tabora, nchi ile ya Mirambo. Huko Chama cha Misioni cha London kilikuwa na kituo tangu mwaka 1879, na Dr. Southon, aliyekuwa rafiki wa Mirambo, alizikwa huko mwaka 1882. Mirambo mwenyewe alikufa mwaka 1884, na baada yake nchi haikutulia. Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana nao mpaka alipojiua kwa baruti ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893. Katika miaka hiyo ya vita, mwezi wa Aprili 1892, Jacob Wainwright alifariki Urambo. Susi, aliyebatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, alikuwa amefariki Unguja mwaka mmoja kabla yake, na Chuma miaka kumi kabla. Hapakuwa na umati wa watu kumzika Jacob kama ule wa London.

Sasa turudi katika swali la washarika wetu. Mtu awezaje kushika imani mahali pasipo haki? Tukitazama maisha haya twaona kwamba Jacob hakutendewa haki na watu wa aina yo yote. Waliomteka walikuwa watu wa bara hii hii. Walionunua na kuuza walikuwa watu wa pwani na wa ng'ambo. Na wale waliomkomboa na kumfundisha Injili, ambao twawashukuru kwa kweli, walimtukuza siku moja wakamsahau miaka kumi na minane. Kama imani yake ingalisimama juu ya wema wa watu, ingalianguka mara tatu. Mtu akisema kwamba atamwamini Mungu watu wa Mungu watakapokuwa wema, huyo atangoja mpaka mauti.

Tena twaona kwamba imani yake hakuishika kwa kusema maneno makubwa. Aliishika kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Palipohitajiwa hesabu ya kweli aliandika hesabu ya kweli. Palipohitajiwa mtu wa kusoma maziko alisoma. Palipohitajiwa barua, aliandika barua. Katika nchi ya vita ni vigumu kumwona Mungu akitenda mambo makubwa, na mtu akingoja kuyaona huchoka akaacha. Lakini kazi ndogo ya haki haikosekani hata siku ya vita: kupima mtama kwa kibaba cha kweli, kumficha mtoto wa jirani, kukataa kutoa ushahidi wa uongo, kumzika mfu wa mtu mwingine kwa heshima. Aliye na hizo mikononi hakuachwa na Mungu.

Nanyi mlio wakubwa wa sharika, waalimu na wazee wa kanisa, twawasihi msiwasahau watumishi wadogo kazi ikiisha. Wako kati yetu watu waliobeba mizigo ya kanisa siku za njaa na siku za hofu, nao leo wamekaa vijijini, hapana anayewauliza hali. Kuwatengenezea nishani walipokwisha tawanyika hakuwafai kitu. Watembeleeni wangali hai, mwulizeni kila mmoja aliyoyaona, na mwenye kuandika aandike.

Mti wa Ilala ulibeba majina ya watu wengine, na mkono uliochonga ukaenda zake bila jina. Sisi twaamini kwamba jina lile limeandikwa mahali pengine, na labda pamoja na lile la kwanza, alilomwita mama yake katika nchi ya Wayao kabla hajauzwa.